Picha Haijui Ulichokunywa

Wanangu, nimechoka kulisema hili, lakini kuchoka kwangu hakujawahi kumponya mtu, kwa hiyo nitalisema tena. Mtu macho yamegeuka manjano, mkojo umekolea, ubavu wa kulia unamlemea, chakula hataki hata kusikia harufu yake. Wiki kadhaa nyuma alianza kunywa unga wa mizizi, au maji ya magome, au kidonge cha kijani kutoka kwenye kopo lililoandikwa “asili tupu”. Ndugu wanachanga pesa, wanampeleka akapigwe picha, na wakifika mlangoni wana neno moja: “Tunataka ionekane kama ni ile dawa.” Nimefanya kazi kwenye chumba cha altrasaundi miaka mingi kabla ya kustaafu, na nadhani ombi hilo nimelisikia kuliko la mjamzito anayetaka kujua mtoto ni wa kike au wa kiume.

Haionekani. Zimamoto akifika kwenye nyumba iliyoungua atakuonyesha chumba kilichoteketea, atakwambia mpaka wapi dari limeanguka, ila jina la aliyewasha kiberiti hatalisoma ukutani. Picha ya ini ni hivyo hivyo. Sisemi haina kazi. Ina kazi kubwa, na nitaieleza kwa kirefu, kwa sababu wengi wenu mnailipia bila kujua mnanunua nini. Lakini mtu wa kwanza kuijua dawa ni yule aliyeinywa, na akinyamaza yeye, mashine zote za Muhimbili na za India hazitamsemea.

Tuanze na ini lenyewe. Unachokunywa kikishavuka ukuta wa utumbo hakiendi kwanza moyoni wala kichwani. Kinapita kwenye ini. Kiasi cha robo tatu ya damu inayoingia humo hutoka matumboni kwa mshipa mmoja mnene, na iliyobaki huletwa na ateri. Ini linapokea, linavunja, linageuza, kisha linaitoa damu kwa vena tatu kubwa kuelekea moyoni. Na hapa pana jambo ambalo wauzaji hawalitaji: sumu nyingine za mimea haziko kali ndani ya jani. Ni ini lenyewe, katika kuzivunja, ndilo linalozifanya kali. Ndiyo maana mdomo hauungui, tumbo halisokoti, na mtu anakwambia dawa ni laini kabisa, nimeinywa mwezi mzima sijaona kitu.

Kipimo cha kwanza ni altrasaundi. Bei yake inafikika, hakitumii mionzi, na siku hizi kipo hata kwenye baadhi ya vituo vya afya. Mgonjwa anaambiwa asile kwa saa sita hivi, ili kifuko cha nyongo kijae kionekane vizuri. Sasa sikilizeni mpigaji anatafuta nini, kwa sababu wengi mnadhani anatafuta dawa. Anatafuta sababu nyingine. Anaangalia mifereji ya nyongo: je, imepanuka? Ikiwa imepanuka, kuna kitu kimeziba chini yake, jiwe, au uvimbe kwenye kongosho, au hata mnyoo aliyepanda kutoka utumboni, na hapo umanjano umepata maelezo yake na mitishamba huenda haihusiki kabisa. Anaangalia kama ndani ya ini kuna uvimbe au jipu. Anawasha Doppler, sehemu ya mashine inayoonyesha mwendo wa damu, atazame kama zile vena kubwa tatu zinapitisha au zimezibwa na damu iliyoganda. Kwa mtu aliyekulia Ukanda wa Ziwa anatazama kando ya matawi ya mshipa unaotoka matumboni, kwa sababu kichocho cha tumbo huacha pale kuta nene, nyeupe, ambazo mpigaji mzoefu hawezi kuzichanganya na kitu kingine.

Kila anachokikosa ni mlango uliofungwa. Na milango mingine haifungwi na picha hata kidogo. Homa ya ini aina ya B, ambayo imejaa kwetu, hufungwa na kipimo cha damu. Sumukuvu hufungwa na swali la chakula: mahindi mlitoa wapi, karanga mlihifadhi vipi? Kenya mwaka 2004, huko Makueni na Kitui, watu 317 waliugua ini kwa mahindi yenye sumukuvu na 125 wakafa. Kwetu Dodoma na Manyara msiba kama huo ulipita mwaka 2016. Fikirieni mgonjwa wa namna hiyo ambaye naye alikuwa na chupa ya dawa ya kienyeji nyumbani. Angelaumiwa mganga, na gunia la mahindi lingebaki jikoni likiendelea kuliwa na watoto. Kwa hiyo msinielewe kwamba nina ugomvi na waganga. Nina ugomvi na haraka.

Milango yote ikishafungwa, ndipo dawa iliyonywewa inabaki imesimama peke yake. Wataalamu wana mizani ya kuipima, inaitwa RUCAM, ilitungwa mwaka 1993 na kurekebishwa 2016. Ni karatasi ya alama tu. Unaulizwa: ulianza lini kunywa, dalili zilianza lini, ulipoacha vipimo vya damu vilishuka kwa kasi gani, kuna dawa nyingine uliyokuwa ukitumia, pombe je, umewahi kuinywa tena na nini kikatokea? Tazameni hayo maswali. Picha imo kama shahidi wa kuwaondolea wengine lawama. Mengine yote yanatoka kinywani mwa mgonjwa.

Sasa nije kwenye karatasi inayowafurahisha watu bure. Mpigaji anaandika: “Ini lina ukubwa wa kawaida, halina uvimbe.” Familia inashukuru Mungu, inarudi nyumbani, na jioni kikombe kinaendelea. Jamani. Chembe za ini zinazokufa ni ndogo mno kwa mawimbi ya sauti. Ini linaweza kuwa katika hatari ya kweli na kwenye kioo likaonekana la kawaida tu, au likaonekana limevimba kidogo, au ukuta wa kifuko cha nyongo ukawa mnene. Huo ukuta mnene nao una mtego wake: asiyejua historia ya dawa anaweza kudhani ni ugonjwa wa kifuko chenyewe, na mgonjwa akaanza kuzungumziwa upasuaji asiouhitaji. Ukali wa jeraha husomwa kwenye damu. Daktari mmoja wa Marekani, Hyman Zimmerman, aliona kitu ambacho mpaka leo kinaheshimiwa: dawa ikipandisha kimeng'enya cha ini kupita mara tatu ya kiwango cha kawaida, na pamoja na hapo bilirubini, ile rangi inayoyageuza macho manjano, ikapita mara mbili, bila mfereji wa nyongo kuziba, basi karibu mgonjwa mmoja katika kila kumi hufa au hufikia kuhitaji ini la mtu mwingine. Hilo neno, “bila mfereji kuziba”, ndipo altrasaundi ilipostahili mshahara wake. Ilithibitisha kwamba njia ya nyongo iko wazi. Kwa hiyo picha safi kwa mtu mwenye macho ya manjano si habari ya kupongezana. Ni habari ya kukimbilia maabara.

Ipo namna moja ya jeraha ambapo picha husema zaidi, na hii nitakaa nayo kidogo, maana ndiyo inayonikosesha usingizi.

Kuna mimea iliyobeba kemikali ziitwazo alkaloidi za pirolizidini. Ini likizivunja, zinageuka kuwa sumu inayounguza kuta za mishipa midogo kabisa ndani ya ini, ile ambamo damu inachujwa. Mishipa inavimba, inaziba, damu inakosa pa kutokea, ini linajaa na kuuma, na maji yanaanza kukusanyika tumboni. Jamaica waliliona kwa watoto waliokuwa wakinyweshwa chai ya majani ya porini, na mwaka 1954 daktari Gerrit Bras na wenzake wakauandika ugonjwa huo na kuupa jina. Afrika Kusini tangu 1920 walikuwa wameshaandika juu ya watu maskini waliougua ini kwa mkate wa ngano iliyochanganyika na gugu la aina ya Senecio. Kaskazini-magharibi mwa Afghanistan, katika miaka ya sabini, baada ya ukame wa miaka miwili, mbegu za gugu jingine ziliingia kwenye ngano. Walipochunguzwa watu 7,200, zaidi ya mmoja katika kila watano alikutwa na dalili za ugonjwa wa ini. Na Tigray, Ethiopia, wilaya ya Tahtay Koraro, tangu mwanzoni mwa karne hii vijiji viliteseka kwa matumbo kujaa maji, mpaka ikajulikana kwamba nafaka yao ilikuwa imechanganyika na gugu Ageratum conyzoides, ambalo mashambani kwetu pia limo, na watu hulikanyaga kila siku bila kulijua.

Waliokufa Jamaica walijulikana kwa kisu, baada ya kufa. CT, picha ya eksirei ya vipande, ilikuwa haijazaliwa. Mgonjwa wa kwanza kupigwa picha hiyo alipigwa London mwaka 1971, tena kichwani. Leo mambo ni mengine, na waliotufundisha zaidi ni Wachina, kwa bahati mbaya yao wenyewe. Kwao kuna mzizi unaoheshimika wa kutibu majeraha na kuzuia damu, uitwao sanqi. Kuna mwingine, wa mmea tofauti kabisa, Gynura, wenye jina linalofanana na kazi inayosemwa kuwa ileile, na huo wa pili una hizo alkaloidi. Watu walianguka, wakapata michubuko, wakajinunulia au wakajichimbia mzizi, wakauloweka au wakauchemsha, na wiki chache baadaye tumbo likaanza kujaa. Hospitali zao zimepiga picha za wagonjwa wa aina hii wengi kiasi kwamba sura yake sasa inafahamika.

Inakuwa hivi. Mgonjwa anachomwa dawa ya kontrasti mshipani, ile inayofanya damu ing'ae, na baada ya dakika moja hivi, wakati damu ya matumboni imeingia kwenye ini, CT inapiga. Ini zima lilitakiwa ling'ae sawasawa. Badala yake linang'aa kwa mabaka, hapa peupe, hapa kijivu, mipaka imepindapinda, na wataalamu huiita sura ya ramani. Zile vena tatu za kutolea damu zimekuwa nyembamba au hazionekani kabisa, na mshipa mkuu unaopita nyuma ya ini umebanwa kwa sababu ini limevimba. Maji yapo tumboni. Mara nyingi pembezoni mwa vena huwa pamebaki sehemu zinazong'aa vizuri, kwa kuwa pale damu bado imepata upenyo. MRI nayo, kwa kontrasti yake maalumu inayoingia kwenye chembe za ini, huonyesha wavu mweusi mahali ambapo chembe zimeshindwa kuipokea. Na Doppler husaidia kuutenga ugonjwa huu na ndugu yake anayefanana naye sana, ule wa damu kuganda ndani ya vena kubwa zenyewe. Huko donge linaonekana, na mishipa ya mchepuko imeota kando. Huku vena kubwa zimebanwa tu, na kizuizi chenyewe kiko kwenye mishipa midogo ambayo hakuna kioo kinachoiona. Tofauti hiyo inabadilisha matibabu.

Mtasema, basi mzee, si umesema picha haisemi? Ngojeni. Mwaka 2017 mabingwa wa Kichina walikaa wakatoa vigezo vya kuutambua ugonjwa huu, vinaitwa vigezo vya Nanjing. Mabaka ya CT yamo, maji ya tumboni yamo, bilirubini imo. Lakini cha kwanza kabisa ni historia iliyo wazi kwamba mgonjwa alitumia mmea wenye hizo alkaloidi. Watu wenye mashine kuliko sisi, waliokwisha kuziona picha hizo mpaka wakazizoea, bado wanaanza na swali: ulikunywa nini? Mabaka hayohayo yanaweza kumpata mtu aliyepandikizwa uboho au anayetumia dawa fulani za saratani. Bila jibu la mgonjwa, ramani ile haina jina la nchi.

Na sisi tusijifanye haituhusu. Mmea wa Jamaica ulikuwa wa jenasi ya Crotalaria, na krotalaria tunazo tele. Marejea, ambayo wakulima wa Kusini wameipanda kurutubisha udongo, ni mojawapo. Magharibi mwa Kenya majani ya baadhi yake ni mboga, wanaiita mito au miro, na wameila vizazi na vizazi. Siwatishi kuhusu mboga ya mtu. Nasema ndani ya jenasi moja kuna anayelisha na kuna anayeua, kiasi cha sumu hutofautiana kati ya mmea na mmea na hata kati ya jani na mbegu, na mchuuzi wa unga uliokwisha kusagwa hawezi kukuonyesha alichosaga. Unga wote ni wa kijani au wa kahawia.

Hoja ya uzee wa dawa nayo naijua: “Babu zetu walikunywa.” Walikunywa, ndiyo. Wafaransa nao walikunywa mmea wao, Teucrium chamaedrys, kwa karne nyingi, mpaka ulipoanza kuuzwa kama dawa ya kupunguza unene, watu wakaumeza kila siku kwa wiki nyingi, maini yakaanza kuharibika, na mwaka 1992 ukapigwa marufuku. Babu yako alikunywa kikombe kimoja akiwa na homa. Wewe unakunywa asubuhi na jioni miezi mitatu kwa sababu kwenye WhatsApp wamesema unasafisha damu. Hicho si kitu kimoja.

Kwa upande wetu wa dunia kuna kazi moja ninayoipenda, kwa sababu ilifanyika kijijini. Wilaya ya Rakai, Uganda, watafiti walichukua FibroScan, mashine inayogonga ubavu kwa upole na kupima jinsi ini lilivyokakamaa, wakawapima watu wa kawaida, wenye virusi vya UKIMWI na wasio navyo, na kuwauliza kwa makini mitishamba waliyotumia. Matokeo yalichapishwa 2012. Waliokuwa wametumia mimea ya baadhi ya jamaa, ile ya alizeti na ile ya mrehani, walikutwa na ini lenye kovu zaidi. Lakini jamaa ya alizeti ina maelfu ya mimea, na ya mrehani vilevile, kwa hiyo msikimbie kung'oa mrehani wa watu uani. Utafiti ule umeonyesha vitu viwili vinatembea pamoja. Haujasema kipi kilimvuta mwenzake. Huenda wengine walianza kunywa kwa sababu walishaanza kuumwa. Na hata hiyo FibroScan ina masharti: ukiipima umetoka kula, au ini likiwa limevimba kwa jeraha bichi, hesabu inapanda, na mtu anaambiwa ana kovu ambalo hana. Mpimwe mkiwa hamjala kwa saa tatu angalau, na mkiwa na macho ya manjano msiichukue namba ile kama hukumu.

Kinachonishangaza kuhusu Rakai ni kwamba watu walisema. Waliulizwa kwa heshima, mti kwa mti, wakajibu. Hospitalini kwetu hawasemi. Na wanangu mnaosomea udaktari na uuguzi, hapa nawageukia ninyi. Mgonjwa akitaja dawa ya kienyeji na wewe ukakunja uso, ukamwambia mbele ya wenzake, “Ninyi ndio mnaojiua,” umeufunga mdomo wake na wa wote waliokaa kwenye benchi wakisikiliza. Muulize kama unavyouliza kuhusu chakula. Usiseme “dawa za kienyeji” peke yake, kwa sababu mwanamke anayekunywa majani ya kusafisha kizazi hayaiti dawa, anayaita chai. Kijana anayetafuna vidonge vya kuongeza mwili anaviita chakula cha mazoezi. Mzee anayelamba asali iliyochanganywa unga wa nguvu za kiume hataitaja asali hiyo mbele ya binti yake. Mtoe binti nje kwanza.

Mficha uchi hazai, wahenga wameshasema, na hapa wa kulipa si mficha uchi peke yake. Chukueni mgonjwa wa kifua kikuu. Anameza isoniazidi, rifampisini na pirazinamidi, na zote tatu zinajulikana kwamba zinaweza kuumiza ini. Pembeni anakunywa mizizi ili kifua kipone haraka. Macho yakigeuka manjano, daktari asiyejua habari ya mizizi atafanya nini? Atasimamisha dawa za kifua kikuu, kwa sababu ndizo anazozijua, na hakuna picha itakayomzuia. Kama kosa lilikuwa la mizizi, mtu huyu ameondolewa dawa inayomponya, amebakiwa na ile inayomuua, na anakohoa ndani ya chumba kimoja na watoto. Kwa anayetumia ARV hesabu ni hiyohiyo. Ukimya wa kikombe kimoja unaweza kuibeba familia nzima.

Kuhusu biashara sitasema sana, ingawa nina mengi. Dawa inayonichekesha kwa uchungu ni ile ya “kusafisha ini”. Ini halina uchafu wa kusuguliwa. Na msidhani makopo yaliyotoka ng'ambo yana usalama zaidi kwa kuwa yana kifuniko cha kung'aa. Marekani kwenyewe, katika mtandao wa hospitali unaofuatilia majeraha ya ini yatokanayo na dawa, sehemu ya mitishamba na virutubisho ilipanda kutoka asilimia 7 hivi mwaka 2004 hadi 20 ilipofika 2013. Manjano tunayopikia pilau, ikikamuliwa ikawa vidonge vikali na kuchanganywa na pilipili manga ili iingie mwilini zaidi, imeshawapeleka watu hospitali Italia na Marekani. Baadhi ya unga unaouzwa kama mizizi mitupu, maabara za nchi mbalimbali zimekuta ndani yake vidonge vya maumivu na steroidi vilivyosagwa, ndiyo maana mgongo uliacha kuuma siku ileile. Na ninyi mnaosambaza matangazo hayo kwenye makundi ya ukoo kwa sababu mnapewa asilimia kidogo, nawajua.

Sikatai mitishamba. Kwinini ilitoka kwenye gome la mti, na dawa ya malaria tunayomeza leo ilitoka kwenye jani la Kichina lililompa Tu Youyou Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Lakini alitenga kitu kimoja kutoka kwenye jani, akakipima, kipimo kikajulikana. Cheti cha mganga aliyesajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala kinanihakikishia mtu, hakinihakikishii kilichomo kwenye kikombe cha leo.

Basi mwenye mgonjwa afanye hivi. Kikombe kisimame leo, wala kisingoje picha, kwa sababu kuacha ndiyo tiba ya kwanza na mara nyingi ndiyo kubwa kuliko zote. Dawa za hospitali asiziache kwa uamuzi wake. Andikeni kwenye karatasi: alianza lini, anakunywa kiasi gani, alichanganya na nini, nani mwingine nyumbani alikunywa. Huyo mwingine naye apimwe damu. Mkiambiwa anahitaji CT ya kontrasti, waambieni kama figo zake zina shida. Mkionyeshwa picha, ulizeni imeondoa nini, msiulize imeona nini tu. Akichanganyikiwa, akilala mchana na kukesha usiku, akianza kutoka damu kwenye fizi, hapo habari ya picha iachwe, apelekwe hospitali kubwa saa hiyohiyo.

Akipona, na wengi hupona wakiacha mapema, vipimo vya damu virudiwe mpaka vitulie, jambo ambalo linaweza kuchukua wiki nyingi au miezi. Altrasaundi ya pili itaonekana nzuri, maji yamekauka, na hapo ndipo shetani hurudi: “Kumbe haikuwa dawa, ngoja nijaribu kidogo.” Ini likishaumizwa na mmea, mara ya pili huumia haraka zaidi na vibaya zaidi, na kijiko kimoja kinaweza kutosha. Unga uliobaki upelekeni kwa daktari ukiwa ndani ya pakiti yake, na kama mti mnaufahamu, chukueni tawi lenye majani na maua ili wanaojua mimea wautambue. Kama daktari hautaki, umwageni chooni. Msimpe jirani eti kwa vile yeye hana shida ya ini.